JE, MLEVI ALIYERUDI VITANI AFUKUZWE MSIKITINI?

 Swali la mwezi huu halikuletwa kwa barua kama ilivyo ada. Lililetwa kwa mdomo, na aliyelileta ni mwanamke. Alisimama nje ya mlango wa darasa baada ya sala ya Alasiri, akatoa salamu, akasema: "Maalim, nimekuja kuuliza neno moja tu. Mume wangu ni mlevi, sikatai. Nanyi mwataka atubu. Lakini mlango wa msikiti mwamfungia. Basi atatubia wapi?"

Siku ile hatukuwa na jawabu. Tulimwambia arudi, kama wasemavyo watu wasiokuwa na la kusema. Na kwa kuwa kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake, itafaa tulieleze kosa hilo kwanza.

Mume wa bibi huyu ni Mkamba, asili yake Nunguni, katika milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni. Alisilimu ujanani, akaoa kwetu, akatumika jeshini miaka mingi, na mara mbili alipelekwa Somalia. Jina lake hatulitaji, kwani aibu ya Muislamu husitiriwa. Alipostaafu alikuja kukaa mtaani petu, na miezi ya mwanzo alikuwa katika safu ya kwanza kila Alfajiri. Kisha tukawa hatumwoni illa Ijumaa. Kisha akaanza kuonekana kwenye vilabu vya mnazi, na mnazi ulipokuwa haumtoshi akahamia kwenye chang'aa. Usiku mmoja wa Ramadhani alikuja msikitini ananuka. Vijana wetu wakamshika mikono wakamtoa, na mmoja wao akamlaani kwa sauti mbele ya watu. Sisi tuliokuwapo tukanyamaza. Bali, tuseme kweli, wengine wetu tuliona vijana wamefanya vyema.

Kwanza na tujue mtu huyu ametoka wapi. Sisi watu wa pwani tumezoea kumwona Mkamba amevaa nguo za askari, tukadhani ndiyo tabia yake aliyozaliwa nayo. Hayo ni maneno ya wakoloni, waliowagawanya watu kuwa makabila ya vita na makabila ya jembe, kisha wakaliandika kabila la vita kwa wingi katika jeshi la Keya. Mwaka 1938 serikali ilipotaka kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu, watu kwa maelfu walikwenda Nairobi kushitaki, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishwa akaletwa Lamu, hapa hapa pwani kwetu. Lakini serikali ikalegeza amri yake ya ng'ombe, na moja katika sababu ni kuwa vita vilikuwa vikinukia na Wakamba walikuwa wengi mno katika Keya. Haikutaka kuwaudhi askari wake. Basi mwenye kusema kuwa askari wa Ukambani ni jambo la mbali nasi, na akumbuke Lamu.

Na akumbuke bandari yetu pia. Tarehe 5 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, na katika abiria wake mlikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda mfupi kuliko mtu kutia udhu, wakafa watu 1,297. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikipigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, ndani ya matope na homa. Waliosalimika walirudi makwao, wakavua nguo za jeshi, wakashika majembe. Nani aliyewauliza wanalala vipi usiku?

Hawakuulizwa, kwani wakubwa wa elimu wa zama zile waliamini kuwa hapana cha kuuliza. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kuwa Mwafrika ni nadra kushikwa na maradhi ya huzuni, na akamfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wa mbele. Dai hilo lilikwisha kutupwa na wataalamu waliokuja baadaye. Lakini tazameni jinsi lilivyobaki katika ndimi zetu sisi wenyewe kwa sura nyingine! Twasema: mwanamume halii, askari hana khofu, mwenye imani haingiwi na huzuni. Wallahi, Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na khabari yake imo katika Sura ya Yusuf, na hapana Muislamu athubutuye kusema kuwa imani yake ilikuwa na kasoro.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na tarehe 27 Januari 2017 kambi ya Kulbiyow. Mtu wetu hakutuambia alikuwa wapi siku hizo, nasi hatumwulizi. Mkewe ndiye aliyetueleza yaonekanayo nyumbani. Hulala ameketi, mgongo ukutani. Usiku wa Idi watoto walipopiga fataki alijitupa chini ya meza, kisha akatoka nje kwa haya, hakurudi mpaka asubuhi. Sokoni haendi, kwani hapendi watu nyuma yake. Akiota, huita majina ya watu ambao mkewe hawajui. Hukasirika kwa jambo dogo, kisha hujuta kwa muda mrefu. Na akinywa, hulala.

Madaktari waujua ugonjwa huu na wana jina lake. Sisi tuuite kiwewe cha vita. Mtu aliyekabiliwa na mauti, au aliyeshuhudia wenzake wakiuawa, hwenda mwili wake ukaja ukawa kama mlinzi asiyepewa zamu ya kupumzika: ukelele mdogo humshtua, usingizi humkimbia, na jambo lililopita humrudia kana kwamba lapita sasa hivi. Si kila askari hupatwa nao, na si askari peke yao wapatwao. Aliyenusurika ajali ya gari au aliyebakwa hupatwa vile vile. Na pombe, kwa muda wa saa chache, humtuliza mlinzi yule. Ndipo mtu huifanya dawa. Kisha kipimo cha jana huwa hakitoshi leo, na usingizi wa ulevi si usingizi wa kupumzisha, hata huamka na maradhi mawili badala ya moja. Wala hatukutaja bado khatari ya kinywaji chenyewe: Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu kwa makumi, wengine ikawapofusha, katika kaunti kadhaa, zikiwamo Makueni na Kitui.

Hatuyasemi haya ili kuuhalalisha ulevi. Aya za 90 na 91 za Sura ya al-Maida zimekata neno, na asemaye kuwa mgonjwa ana rukhsa ya kunywa ili alale amekosea, kwani Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya pombe itengenezwayo kuwa dawa alikataa, akaeleza kuwa hiyo ni ugonjwa. Nalo ndilo neno twataka lizingatiwe: ugonjwa. Ugonjwa hutibiwa, na Mtume ametuamrisha kujitibu.

Sasa kosa letu la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, ingawa tulilifanya kwa nia njema. Baada ya yule bibi kuja, ndugu zetu watatu walimwendea mumewe, wakamnasihi, akalia, akakubali kuacha. Wakamweka katika chumba cha nyuma ya madrasa, wakafunga mlango kwa ridhaa yake, wakawa wamsomea Kurani kwa zamu na kumletea chakula. Usiku wa kwanza alitetemeka na kutoka jasho. Tukasema, sumu yatoka. Siku ya pili alianguka kifafa. Siku ya tatu hakutujua; akawa aona wadudu ukutani na kuamrisha askari wasiokuwapo. Mzee mmoja akasema ni pepo, yatakiwa apungwe. Yule bibi ndiye aliyekataa, akaita teksi, akamkimbiza hospitali. Daktari alituambia kwa ukali, na ilikuwa haki yake, kuwa tungechelewa usiku mmoja zaidi huenda tungemzika.

Jambo hili kila msomaji na alihifadhi, kwani nyumba nyingi hulifanya bila kujua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umekwisha kujipanga juu ya pombe. Ikikatwa ghafla, kutetemeka huanza kwa saa chache, kifafa huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwenye khatari huja aghalabu siku ya tatu au karibu yake. Huweza kuua. Kuacha kwake ni wajibu, lakini kuwe mbele ya tabibu, kwa dawa ya kutuliza ipunguzwayo siku kwa siku, na vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa imewaishia mwilini. Baadhi ya ndugu waliuliza kama dawa ile nayo haimo katika hukumu ya vileo. Jawabu letu ni kuwa haikunywewa kwa kutaka ulevi, hupimwa na mjuzi, huondolewa baada ya siku chache, na huilinda nafsi isiangamie. Na kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Wallahu aalam.

Turudi kwenye swali. Katika Sahihi ya Bukhari mna khabari ya sahaba mmoja, jina lake Abdallah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), naye alikuwa mnywaji. Aliletwa mara baada ya mara, akapigwa kwa kosa lake. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa kuletwa mara nyingi namna ile. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika riwaya nyingine watu walipomwombea mlevi fedheha, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Ewe ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Adhabu ilikuwapo, wala haikuondolewa. Na bado laana ilikatazwa, na mapenzi ya mtu yule kwa Mola wake yakathibitishwa na yeye aliye mkweli kuliko watu wote. Sisi tulifanya kinyume: adhabu hatuna mamlaka nayo, laana ndiyo tuliyoitoa.

Na wenye tarikh wametaja kisa cha Abu Mihjan wa kabila la Thaqif, shujaa ambaye pombe ilimshinda. Katika vita vya Kadisia, zama za Khalifa Umar, amiri Saad bin Abi Wakkas alimfunga kwa minyororo. Aliposikia vita vyapamba moto alimwomba mke wa Saad amfungue, akaahidi kurudi mwenyewe kwenye minyororo yake kama hakuuawa. Akafunguliwa, akapigana pigano lililostaajabisha jeshi, kisha akarudi akafungwa kama alivyoahidi. Saad alipojua akamwachia, akaapa hatampiga tena kwa pombe, na Abu Mihjan akaapa hatainywa tena. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya ushujaa wake. Mimi nakitazama kwa ajili ya yule mwanamke aliyeona ndani ya mlevi aliyefungwa mtu wa kuaminiwa, kabla mumewe hajamwona.

Ama hukumu, ni hii. Mtu akiwa amelewa wakati ule, haisogelei sala mpaka ajue alisemalo, kwa aya ya 43 ya Sura ya an-Nisaa. Na ikiwa harufu ya kitunguu saumu yamzuia mtu na msikiti, harufu ya chang'aa yastahiki zaidi. Basi hutolewa, lakini hutolewa kwa upole, kama yule bedui aliyekojoa msikitini, Mtume akawazuia watu wasimkemee mpaka amalize. Ampeleke mtu mmoja nyumbani kwake, asitiriwe njiani. Na akilevuka, mlango ni wake kama ulivyo wako, hata kama ni mara ya kumi. Hapana aliyepewa ruhusa ya kumwandikia marufuku.

Alipotoka hospitali, nduguye alikuja kumchukua akampeleka Nunguni. Baada ya miezi mitatu tulikwenda watu wawili kumzuru, na yale tuliyoyasikia huko ndiyo yaliyotutia haya kuliko yote. Nunguni ni mji mdogo juu ya milima, baridi yake kwa mtu wa pwani ni ya kushona koti, mashamba yamepangwa kwa matuta mpaka kileleni. Kaunti ya Makueni yote ina watu karibu milioni moja kwa hesabu ya 2019, na wengi wao ni Wakristo. Matabibu wa akili ni wachache, kama ilivyo nchi nzima. Lakini katika miaka ya 2010 taasisi moja ya Nairobi ya utafiti wa afya ya akili, iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, pamoja na serikali ya kaunti, iliwafundisha wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa vijijini, viongozi wa dini waombeao wagonjwa, na hata waganga wa kienyeji, namna ya kuzitambua dalili za huzuni, wazimu na utumwa wa pombe kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na namna ya kumpeleka mgonjwa zahanati badala ya kukaa naye.

Yaani mtu wetu alipofika kwao, mhudumu wa kijiji, mama mmoja mwenye kitabu cha kuandikia na viatu vya mpira, alimjia nyumbani bila kuitwa. Alimwuliza maswali machache: je, walala, je, umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa, je, umewahi kufikiri kujiua. Swali hilo la mwisho sisi hatukuthubutu kumwuliza, na mkewe aliogopa kulitaja kwa kuwa sheria ya Kenya ilimfanya mwenye kujaribu kujiua kuwa mkosaji, mpaka Mahkama Kuu ilipotamka Januari 2025 kuwa kifungu hicho chapingana na katiba. Alipoulizwa kwa upole, alijibu. Kisha kila wiki akawa yuaketi na watu wengine waliokuwa na shida kama yake.

Kuhusu waganga kuingizwa katika mpango ule, siwezi kusema moyo wangu umetulia. Vita vyetu na upungaji na hirizi havikuanza leo, wala sitavilegeza. Lakini nilimwuliza yule mama, akanijibu kuwa mgonjwa kwanza huenda kwa mganga, upende usipende. Basi ni bora mganga ajue lini amwachie. Sikuwa na la kumjibu. Na Mwislamu wa kale Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi, akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyo sababu, akataja tiba ya kila moja. Karne kumi na moja zimepita, na sisi warithi wake tulikuwa na chumba cha nyuma na kufuli.

Wako wasemao: askari ni wa serikali, serikali na iwatazame. Ni kweli ana haki juu yake, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu na tena likarekebisha sheria ya afya ya akili. Mwenye jamaa aliyestaafu jeshini na amsaidie kuidai haki yake kwa maandishi. Lakini sheria haigongi mlango saa nane za usiku. Na wako walioachishwa kazi kwa ulevi huo huo, ambao ulikuwa dalili ya ugonjwa, wakatoka bila ya kitu.

Ndugu yetu amerudi mtaani tangu Mfungo Tano. Hatutasema amepona, ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alimwambia mkewe mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Husali nyuma, penye nguzo ya kushoto, mgongo karibu na ukuta. Baadhi ya vijana walikuwa wakimwita ajaze safu ya mbele. Tumewaambia wamwache, kwani ana udhuru, na yule aliyemlaani Ramadhani ile ndiye sasa anayemwekea msala pale.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha, muuguzi wa afya ya akili atakuja darasani, na wanawake watakuwa na nafasi yao ghorofani. Tumemwomba aanze na somo la kuacha pombe na khatari zake, na chumba cha nyuma ya madrasa tumekitoa kufuli, kimewekwa viti. Bado twahitaji wenye magari wawili au watatu watakaokubali kuamshwa usiku. Watoe majina yao kwa katibu.